Zuio la ujenzi likubaliwe, ila liandikiwe tarehe ya mwisho

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama halmashauri ya jiji inapaswa kusimamisha kwa muda ujenzi wa majengo ya biashara katikati ya mji, na kama sisi wasomaji tungeunga mkono hatua hiyo mahali tunapoishi. Mimi ni mpangaji wa fremu, yaani chumba cha duka, Mwanjelwa, jijini Mbeya, na jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti ambayo yakikosekana zuio litawanufaisha wenye majengo na kutuumiza wapangaji.

Kuhusu mamlaka sina shaka, kwa kuwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake, na ardhi ya mjini haiendelezwi bila idhini yake. Kumnyang'anya mtu kibali alichokwisha kupewa ni jambo jingine kabisa, kwa hiyo zuio liguse maombi mapya tu.

Kinachonifanya niunge mkono ni maji ya mvua. Mji wetu umelala mteremkoni, chini ya mlima Loleza, na kuanzia Novemba hadi Aprili maji hushuka kwa kasi. Kiwanja kinapojengwa chote na kilichobaki kusakafiwa kwa zege, maji ambayo zamani yalinywewa na ardhi huelekezwa kwenye mtaro uliochimbwa wakati eneo hilo lilikuwa na nyumba za chini zenye bustani. Ongeza na rundo la mchanga na kokoto linalomwagwa kwenye njia ya waenda kwa miguu: ikinyesha mchana, jioni mchanga umehamia mtaroni na maji yameingia dukani, nasi tunapanga viroba vya unga juu ya meza. Mwaka mmoja bila vibali vipya ungetosha kuipanua mitaro mikuu, mradi fedha zake ziwe zimetengwa kwenye bajeti. Zikikosekana, zuio litakuwa likizo tu kwa ofisi ya vibali.

Hatari iko kwenye kodi. Katika barabara zetu zenye wateja, mpangaji hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mara nyingi kabla ya hapo ameshatoa kilemba, yaani fedha za pembeni, ili aachiwe nafasi. Mwenye jengo akijua kwamba hakuna ghorofa jipya litakaloinuka jirani yake, hana sababu ya kupokea kodi ya miezi mitatu. Hata hivyo, uhaba wenyewe si wa kila mahali: fremu za chini zimesheheni bidhaa hadi barazani, ilhali katika baadhi ya majengo vyumba vya juu vina vumbi kwenye vioo na namba ya dalali imebandikwa mlangoni. Kabla ya kupiga kura, madiwani waagize vyumba hivyo vihesabiwe, maana huenda tunavyo vya kutosha ila hakuna mteja anayepanda ngazi kununua kitenge.

Tena mipaka ya zuio itajwe mtaa kwa mtaa. Wakizuia Uhindini peke yake kwa kuwa ndiko mjini kwa kale, wajenzi watahamia Kabwe, Mwanjelwa na Uyole, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, ambako malori ya Zambia na daladala tayari yanagombea nafasi.

Na tarehe ya mwisho iandikwe ndani ya azimio lenyewe. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, wafanyabiashara wengi walihamia eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo, kusubiri jengo jipya. Ujenzi ukachukua miaka, na mabanda ya kusubiria yakawa soko kubwa ambalo nalo liliteketea mwaka 2017. Azimio likisema tu "hadi itakapotangazwa vinginevyo", mimi nitakuwa upande wa wanaopinga.

Vibali vya ukarabati, vyoo vya wateja na vifaa vya kuzima moto visiingizwe kabisa kwenye zuio hilo, kwa sababu majengo tuliyomo sasa ndiyo tutakayoendelea kufanyia biashara kipindi chote hicho.