Trekta dogo linatoa moshi wa bluu: fungua hedi kabla ya kununua injini

Kaka wa Molo, umesema trekta lako la kukata nyasi, lenye injini ya petroli ya silinda moja, hp 12.5, limeanza kutoa moshi wa bluu na kumaliza oili. Fundi amepima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, akasema ringi za pistoni, zile zinazozuia moto na oili kupita, zimekwisha, tafuta injini nyingine. Ngoja kwanza usitoe pesa: fungua hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda. Hapo nimepita mwenyewe, na nusura niuze injini yangu kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma.

Mimi nakata nyasi huku Njoro, viwanja vya shule na makanisa. Trekta langu ni mtumba wa Uingereza, injini ya Marekani. Siku lilipoanza kufuka, nilimwita fundi, akaweka geji kwenye tundu la plagi, nikavuta swichi, sindano ikapanda kidogo ikakwama. Akapangusa mikono na kusema, "Mzee, hii imeenda." Akanihesabia boringi (kuchonga silinda upya), pistoni, ringi na nauli ya kufuata spea Kirinyaga Road kule Nairobi. Ukijumlisha, ilikuwa inakaribia injini mpya.

Kumbe geji yenyewe ilitudanganya. Injini nyingi za aina hii zina kidude kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu, kinachoachilia valvu kidogo wakati wa kuwasha, ili betri na stata visilemewe. Kwa hiyo hata injini nzima husoma chini. Mwenye kompresa hufanya hivi: anapandisha pistoni hadi juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, anaishikilia shafti isizunguke, kisha anapuliza hewa kupitia tundu la plagi na kutega sikio. Hewa ikitokea ekzosi, valvu ya ekzosi inavuja. Ikitokea kwenye kabureta, ni ile ya kuingiza. Ikitokea kwenye mdomo wa oili, watu wote husema ringi.

Yangu ilitokea kwenye mdomo wa oili. Ila kijana mmoja wa jua kali, mpole, hata jina lake sikuuliza siku hiyo, alisema, "Tufungue hedi kwanza, gasketi ni pesa kidogo." Gasketi ndiyo ile bapa inayoziba kati ya hedi na silinda. Tulipotoa kifuniko cha feni, panya alikuwa amejenga humo. Nyasi kavu zimeshindiliwa kati ya mapezi ya kupoozea silinda hadi hupitishi wembe. Hedi ilipotoka, akaniita nione: kwenye gasketi, pale panapotenganisha silinda na njia ya zile fimbo za kusukuma valvu, palikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa kaa la jiko. Basi. Moto ulikuwa unavuja hapo na kuingia chini kwenye oili, presha inajaa, oili inasukumwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye kabureta, na injini inaichoma. Moshi ni ule ule wa ringi zilizokwisha, na hewa ya kompresa hutokea mdomo ule ule. Huwezi kutofautisha ukiwa nje.

Akaisugua hedi kwa msasa uliolazwa juu ya kioo hadi ikakaa sawa, akaweka gasketi mpya, akakaza bolti kwa spana ya kupima, kidogo kidogo na kwa kuvuka, si kuzungukia upande mmoja. Akarekebisha nafasi ya valvu. Trekta bado linafanya kazi. Mapezi sasa nayasafisha mwenyewe, kwa sababu hedi iliyokosa upepo ndiyo iliyochoma gasketi.

Sasa, ukishafungua na ukakuta gasketi ni nzima, hapo tuongee habari ya kubadilisha injini. Pitisha ukucha ndani ya silinda karibu na juu. Ukikwama kwenye kingo, silinda imelika. Kama ina slivu ya chuma, yaani bomba la chuma ndani ya silinda, boringi inalipa. Kama ni aluminiamu tupu, mimi singeigusa. Shika pistoni uitikise juu chini: ikigonga, koni rodi, ile fimbo inayounga pistoni na krenki (shafti kuu), imelegea, na kwa injini hizi ndogo rodi mara nyingi inakaa moja kwa moja juu ya krenki bila bearing, kwa hiyo krenki nayo huwa imekwaruzwa. Rodi ikiwa imetoboa bloki, usipoteze hata dakika kuitengeneza.

Na ukienda kununua, angalia shafti inayotoa nguvu nje. Injini za Kichina zilizojaa madukani, zile za pampu na mashine za kukatia majani ya ng'ombe, shafti yake imelala, inatokea ubavuni. Ya trekta lako karibu hakika imesimama, inatokea chini kwenye puli. Jirani yangu alinunua kwa pupa, akachomelea fremu upya, mkanda ukawa unaruka kila kona, na sasa injini ile inasukuma maji nyumbani kwake. Pima pia unene wa shafti, urefu wake na tundu za bolti.

Jambo la mwisho, Molo iko zaidi ya mita 2,400. Injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo kwako robo au zaidi kidogo imeshaenda. Usikubali kuuziwa ndogo kuliko hiyo uliyo nayo.

Ukifungua hedi, ipige picha gasketi kabla hujaifuta, pande zote mbili, uiweke hapa tuione.