Mirihi imepigwa rada chini ya ardhi bila kuchimba

Kuna wanaodhani lazima wanasayansi wachimbe ndipo wajue kilicho chini ya ardhi ya sayari ya Mirihi. Si kweli. Gari la utafiti la Marekani, Perseverance, lililotua huko Februari 2021 kwenye kreta (shimo kubwa) ya Jezero, lina rada iitwayo RIMFAX, iliyotengenezwa Norway. Antena yake haigusi hata ardhi: inaning'inia kama sentimita 60 juu, na kila gari likisogea sentimita 10 inapiga mawimbi ya redio chini na kusikiliza mwangwi. Inafika kina cha zaidi ya mita 10, na imeonyesha tabaka za mashapo yaliyotuama ziwani zamani. Gari la Wachina, Zhurong, lilitua mwaka huohuo likiwa na rada yake pia.

Kwa nini inapenya vizuri kule? Ukavu na baridi. Mimi nimesukuma rada ya namna hii hapa Mbeya tukitafuta mabomba yaliyofukiwa, na masika mfinyanzi ukishaloa, mawimbi yanamezwa hata mita mbili hayafiki. Kiangazi, sehemu zenye pumisi kavu (mawe mepesi ya volkano), picha inatoka safi kabisa. Sasa Mirihi ni kiangazi kisichoisha.

Ila mwangwi unakuonyesha mpaka kati ya tabaka na tabaka, haukutajii jina la mwamba. Na kina chenyewe kinakokotolewa kwa kukadiria kasi ya mawimbi ardhini, kwa hiyo mita hizo zichukulie kama makadirio.