Halali wala hachoki: ni shetani au maradhi?

SWALI: Assalaam alaykum Bibi. Kaka yangu ana miaka 23. Msimu wa karafuu uliopita alikaa siku kumi akilala kwa muda wa saa mbili tu, na alfajiri yuko juu ya mkarafuu, mzima kabisa. Usiku akizunguka mtaani akihadithia kampuni atakayofungua Dubai, maneno hayakamatiki. Pesa zote za karafuu kanunulia simu nne, akazigawa, tena akakopa. Mama akimkanya, anawaka. Sasa mwezi wa pili yuko chumbani, haogi, chakula anakionja tu, anasema yeye ni mzigo kwetu. Mama anasema ni shetani, majirani wanasema bangi. Tumwamini nani?
Dada mtu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Kabla ya shetani na bangi, nianze na hilo neno “mzigo”. Leo hii kaa naye, umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali hata kama ni usiku.

Sasa swali lako. Nimefanya uuguzi wa maradhi ya akili miaka mingi, na jambo la kwanza ninalouliza ni usingizi. Mtu anayekeshwa na mawazo hushinda amechoka. Kaka yako hakulala na wala hakuuhitaji usingizi. Hali hiyo ikidumu wiki nzima, pamoja na maneno yanayokimbizana, matumizi bila hesabu na hasira za ghafla, kisha ikaja huzuni ya wiki mbili au zaidi, shukuni bipola, maradhi ya akili yanayompandisha mtu juu kisha yakamshusha chini. Simsemi anayenuna asubuhi akacheka jioni. Hayo ni ya kila mtu. Maradhi haya mara nyingi huanza ujanani. Bangi inaweza kuyachochea, kwa hiyo kama anavuta, daktari aambiwe. Kuthibitisha ni kazi yake daktari.

Nikwambie ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu ni mvuvi. Huzuni ilipomwangusha tulimpeleka kwa daktari, tukaeleza kulia na kutokula. Hatukusema kwamba miezi minne nyuma aliuza mashine ya boti kwa bei ya kutupa na akaposa wanawake wawili katika wiki moja. Tuliona haya. Akaandikiwa dawa ya huzuni peke yake, na dawa hiyo inaweza kumrusha juu mwenye bipola. Haukwisha mwezi, akawa anahutubia pwani usiku wa manane. Daktari alitibu alichoambiwa. Mimi muuguzi nilikuwepo, nikanyamaza, na bado linaniuma.

Kwa hiyo usiende na habari ya huzuni tu. Chukua daftari, andika zile siku kumi: alilala kwa muda wa saa ngapi, alitumia kiasi gani, alikopa kwa nani. Andika pia kama kuna jamaa aliyewahi kuwa hivyo, kwani maradhi haya hufuata ukoo. Anzieni hospitali ya Wete au Chake Chake, mwulizie mhudumu wa afya ya akili. Kwa Unguja ipo Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili.

Dawa zipo. Akipewa lithiamu, atapimwa damu mara kwa mara, kwa sababu kiwango cha dawa kinachofaa na kinachodhuru vimekaribiana sana. Mwili ukikauka maji dawa hiyo huzidi kwenye damu. Basi kabla ya Ramadhani muulizeni daktari kuhusu saumu. Na asiache dawa kwa kujiona mzima. Hapo ndipo wengi hurudi chini.

Kwa mama usibishane. Dua asomewe, na daktari aonwe wiki hiyo hiyo. Ila akitokea wa kutaka kumfunga kamba au kumpiga ili shetani atoke, simameni mlangoni mkatae.

Na zile simu nne: nenda kwa waliopewa, waombe wazirudishe kimya kimya, mlipie deni. Asije akapata nafuu akakuta habari yake inatembea mtaani.