Wastani 75, gredi B: maswali ya walimu kuhusu lahajedwali

Natumia Excel kuandaa matokeo ya kidato cha tatu. Mwanafunzi mmoja ana wastani wa 75 lakini gredi imetoka B, na mzazi wake amekuja kuuliza. Fomula ni ileile kwa darasa zima. Kosa liko wapi?
*Mwalimu wa taaluma, Morogoro*

Mwalimu, bofya seli ya wastani huo, kisha ubonyeze kitufe cha kuongeza desimali mara mbili. Karibu kwa hakika utakuta si 75. Mwanafunzi mwenye jumla ya alama 671 katika masomo 9 ana wastani wa 74.56. Ukificha desimali, seli itaonyesha 75, lakini ndani yake imebaki 74.56 ileile, na hiyo ndiyo inayosomwa na fomula ya gredi. Kwa viwango vya mtihani wa kidato cha nne, A huanzia 75, kwa hiyo fomula haijakosea.

Kama shule yenu hukadiria wastani hadi namba nzima, kadiria thamani yenyewe, usiishie kwenye mwonekano. Andika mipaka pembeni, M2 hadi M6, kuanzia ya chini: 0, 30, 45, 65, 75. Mbele yake, safu ya N, weka F, D, C, B, A. Kisha, kama wastani uko H2, andika fomula hii, ambapo ROUND hukadiria wastani na VLOOKUP huutafutia gredi kwenye jedwali la mipaka:

=VLOOKUP(ROUND(H2,0),$M$2:$N$6,2,TRUE)

Mipaka lazima ipande kutoka ndogo kwenda kubwa, la sivyo gredi zitatoka ovyo. Alama za dola nazo usiziache. Bila hizo, kila ukishusha fomula mstari mmoja, jedwali la mipaka nalo linateremka: mstari wa pili mipaka inaanzia 30, na mwenye 25 anapata #N/A (yaani thamani haikupatikana). Kama shule haikadirii, ondoa ROUND na uonyeshe desimali mbili kwenye ripoti, ili mzazi aone namba ileile iliyotumika kumpa mwanawe gredi.

Mwanafunzi asiyefanya mtihani nimwekee 0 au niache wazi?
*Mwalimu wa darasa, Kahama*

Usimwekee 0. AVERAGE, fomula ya wastani, huhesabu sifuri kama alama, ila huruka seli tupu na maandishi. Wanafunzi watatu wakiwa na 60, 50 na mmoja hayupo, wastani ni 55. Ukimwekea 0 unashuka hadi 36.67, na mwalimu wa somo anaonekana hakufundisha.

Lakini kuacha wazi nako kuna mtego: fomula ya gredi tuliyoitaja juu husoma seli tupu kama 0, na mtoto aliyekuwa mgonjwa anaandikiwa F. Tunashauri uandike X, na kwa gredi ya somo (alama zikiwa C2) utumie:

=IF(ISNUMBER(C2),VLOOKUP(C2,$M$2:$N$6,2,TRUE),"X")

Fomula hii itakufichulia kosa jingine pia. Mtu akiandika 7O kwa herufi O badala ya 70, AVERAGE huiruka kimyakimya, lakini hapa itatoka X kwa mtoto ambaye unajua alifanya mtihani. Namba hukaa kulia mwa seli, maandishi kushoto. Pitisha jicho kwenye safu nzima kabla ya kuchapa.

Nimewaonyesha wanafunzi grafu ya y = −x² kwa projekta, ikafunguka juu badala ya chini. Kompyuta ina hitilafu?
*Mwalimu wa Hisabati, Machakos*

Kompyuta ni nzima. Uliandika =-A2^2, sivyo? Katika Excel, alama ya hasi iliyo mwanzoni hushughulikiwa kabla ya kipeo, kwa hiyo A2 ikiwa 3, inageuka −3, kisha inapigwa kipeo cha pili na kuwa 9. Hisabati ya darasani inataka kipeo kwanza. Andika =-(A2^2). Ajabu ni kwamba =5-A2^2 inatoa jibu sahihi, −4, kwa sababu pale ile alama ni ya kutoa. Waache wanafunzi wajaze jedwali kwa mkono kwanza, kisha walinganishe na skrini na watafute wenyewe tofauti inatoka wapi. Kipindi hicho hakitapotea.

Kwa grafu za namna hii, kwenye aina za chati chagua Scatter (ya nukta), usichague Line (ya mstari). Line huzichukulia x kama majina tu na kuzipanga kwa nafasi sawa, hata kama ni −3, −2, 0, 3, na umbo la grafu linaharibika.

Ukitaka kuonyesha kazi ya a katika y = ax², weka a kwenye E1, thamani za x kuanzia −3 hadi 3 kwenye A2 hadi A8, na B2 uandike =$E$1*A2^2 kisha uishushe. Badilisha E1: 1, 2, 0.5, −1. Hapa walimu wengi hukwama: wanabadilisha 1 kuwa 2 na grafu inaonekana vilevile, kwa kuwa Excel imejipanulia mhimili wa y yenyewe. Bofya mhimili huo mara mbili, weka kiwango cha chini −20 na cha juu 20. Sasa darasa litaona grafu ikibana na kutanuka.

Nilipanga alama kutoka juu kwenda chini, majina yakabaki pale pale!
*Mwalimu, Tanga*

Bonyeza Ctrl+Z sasa hivi, kabla hujafunga faili. Mara nyingi chanzo ni safu tupu iliyoachwa kati ya majina na alama: Excel huiona kama mwisho wa jedwali, ikapanga upande mmoja bila hata kukuonya. Ifute safu hiyo, bofya seli moja tu ndani ya alama, ndipo upange.