Babu hayumo katika orodha ya wabunge wa 1963, lakini mwaka 1968 ni mbunge: aliingilia wapi?

SWALI: Salaam, ndugu mhifadhi. Marehemu babu yetu aliitwa "Mheshimiwa" mpaka siku tuliyomzika, na nyumbani sote tumekua tukijua kwamba alikuwa mbunge tangu Uhuru. Sasa tunaandika historia ya ukoo na nimekwama. Nimepata orodha ya maeneo bunge 117 na wabunge waliochaguliwa Mei 1963 na jina lake halimo. Kisha nikafungua Hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) ya 1968, nikamkuta, tena kwa eneo bunge ambalo katika orodha ya 1963 halipo kabisa. Kuna pia picha yake ambayo nyuma pameandikwa "Bungeni, 1964". Mjomba anashikilia kwamba orodha ndiyo yenye makosa. Binamu yangu, kwa upande wake, anadai kwamba babu alijikweza tu. Nani mkweli, na nitathibitisha vipi? Sitaki kutaja jina lake wala wilaya yake.

JIBU: Dada, kwa maelezo uliyonipa, babu yako hakujikweza na orodha yako haina kosa. Orodha hiyo inahusu nyumba moja, na Bunge la Kenya la wakati huo lilikuwa na nyumba mbili. Kwa dalili zote mbili ulizotaja, yaani picha ya 1964 na eneo bunge lililozuka baadaye, mimi ningeanza kumtafuta katika Seneti.

Katiba ya kujitawala iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 1963 iliweka Baraza la Wawakilishi chini na Seneti juu. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 117 vya wajumbe wa kuchaguliwa na wananchi katika maeneo bunge, na vingine 12 vya waliochaguliwa na wajumbe wenzao. Seneti ilikuwa na maseneta 41, mmoja kutoka kila wilaya kati ya wilaya 40, na mmoja wa Nairobi. Maseneta nao walipigiwa kura na wananchi Mei 1963, katika msimu uleule wa uchaguzi. Kwa hiyo babu angeweza kusimama jukwaani, kushinda, kuapishwa na kukaa bungeni Nairobi tangu 1963, na bado asionekane popote katika orodha yako ya maeneo 117.

Seneti ilidumu kidogo. Mwishoni mwa 1966 katiba ilirekebishwa, nyumba mbili zikaunganishwa kuwa Bunge moja la Taifa, na kuanzia 1967 hakukuwa na seneta nchini mpaka Seneti iliporudishwa mwaka 2013. Maseneta hawakurudishwa nyumbani. Nchi iligawanywa upya, maeneo bunge 117 yakaongezwa 41 yakawa 158, na kila seneta akapata eneo lake bila kurudi kwa wapiga kura. Hebu angalia hesabu hiyo: nyongeza ya maeneo bunge ni sawasawa na idadi ya maseneta. Ndiyo maana eneo la babu halipo katika orodha ya 1963. Lilikuwa halijazaliwa.

Hapo naomba uwe mwangalifu na majina ya maeneo. Ili kupata nafasi ya 41 wapya, mipaka ya yale ya zamani pia iliguswa na majina mengine yakabadilika. Tom Mboya alichaguliwa 1963 katika Nairobi ya Kati, eneo ambalo baadaye lilikuja kujulikana kama Kamukunji. Anayefuata jina la eneo peke yake anaweza kudhani hao ni wabunge wawili. Fuata mtu, usifuate jina la eneo.

Lakini dhana yangu si ushahidi, na nisingependa uandike "seneta" katika kitabu cha ukoo kwa sababu tu mimi nimesema. Kuna njia nyingine ambazo mtu angeweza kuingilia, na ni lazima uziondoe moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni wale wajumbe 12 maalum. Hawa walikuwa wabunge kamili wa Baraza la Wawakilishi ila hawakuwa na eneo bunge. Bruce McKenzie, waziri wa kilimo, aliingia kwa njia hiyo, na pia Pio Gama Pinto, aliyechaguliwa Julai 1964 na kuuawa Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Orodha nyingi za mtandaoni huwaacha nje kwa sababu zimepangwa kwa maeneo. Jina la Pinto ni mfano mzuri wa jambo jingine: hata orodha kamili ya Juni 1963 isingekuwa naye, kwa kuwa aliingia mwaka uliofuata na akatoka kwa kifo miezi michache tu baadaye. Ila mjumbe maalum hakuwa na sababu ya kuonekana 1968 akiwa na eneo bunge, isipokuwa kama katikati alishinda uchaguzi mdogo. Kwa babu, njia hii naiona nyembamba.

Ya pili ni uchaguzi mdogo, na hapa kuna utajiri mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Viti vya Kaskazini Mashariki vilibaki wazi 1963 kwa sababu Wasomali wa huko waligomea uchaguzi, vikajazwa baadaye. Halafu ikaja 1966. Oginga Odinga alipojitoa KANU, chama tawala, na kuongoza chama cha KPU, katiba ilibadilishwa haraka mwezi Aprili ili mbunge anayehama chama kilichomchagua apoteze kiti na kurudi kwa wapiga kura. Viti 29 vikawa wazi kwa mpigo, 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti, na mwezi Juni ukafanyika uchaguzi ambao wazee bado wanauita Uchaguzi Mkuu Mdogo. KPU ilirudisha viti tisa, saba katika nyumba ya chini na viwili vya Seneti. Odinga alirudi na kiti chake cha Bondo. Bildad Kaggia alikipoteza cha Kandara, na Achieng Oneko cha Nakuru. Hao wawili walikuwa miongoni mwa wafungwa wa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Kila ninapofika ukurasa huo wa kumbukumbu huwa nasimama kidogo, maana watu waliofungwa kwa ajili ya nchi walitoka bungeni kabla hata nyumba hiyo haijatimiza miaka mitatu ya Uhuru, na leo ni vijana wachache wanaojua waliwahi kukaa humo. Kama babu aliingia Juni 1966, hilo lingeeleza kutokuwemo kwake 1963, lakini lisingeeleza picha ya 1964.

Ya tatu ni mabaraza ya majimbo. Chini ya katiba ya majimbo kila jimbo kati ya yale saba lilikuwa na baraza lake la kuchaguliwa, na vijijini wajumbe wake pia waliitwa wabunge. Mabaraza hayo yalipoteza meno Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964. Mjumbe wa jimbo hakukaa bungeni Nairobi, ingawa angeweza kabisa kupigwa picha huko akiwa mgeni. Maandishi ya nyuma ya picha, dada, ni ushahidi dhaifu. Mara nyingi huandikwa na mtoto au mjukuu miaka mingi baadaye.

Sasa kazi yenyewe. Anza na Gazeti Rasmi la Serikali la Mei na Juni 1963, ambamo matangazo ya uchaguzi yalichapishwa. Soma vichwa vya habari kwanza, majina baadaye, kwa sababu nyumba tofauti zilikuwa na matangazo tofauti na mtu mwenye haraka huruka kutoka moja hadi jingine bila kujua. Matoleo mengi ya gazeti hilo sasa yamepigwa skani na yanasomeka kwenye intaneti. Ukikosa, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa hapo Moi Avenue, au uombe ruhusa katika maktaba ya Bunge.

Baada ya gazeti, Hansadi. Hansadi ya miaka ile ni ya Kiingereza, imechapwa kwa safu mbili katika kila ukurasa, na namba zinazotumika kurejelea ni za safu. Ukinakili "safu ya 412" usiandike "ukurasa wa 412", maana atakayekufuata hatapata kitu. Kila nyumba ilikuwa na majuzuu yake, kwa hiyo tazama jalada kabla ya kufungua. Ukiona Humphrey Slade ndiye Spika kitini, uko katika Baraza la Wawakilishi. Ukiona Muinga Chokwe, uko Seneti. Halafu tazama jinsi msemaji anavyotajwa. Katika nyumba ya chini anaandikwa "Mr." na jina lake, na katika Seneti jina hutanguliwa na "Senator". Tofauti hiyo ya neno moja pembeni mwa safu inaweza kumaliza ubishi wa mjomba na binamu kwa asubuhi moja.

Mahali ninapopapenda zaidi ni sehemu ya kiapo. Mjumbe haruhusiwi kushiriki mpaka aapishwe, kwa hiyo Hansadi huandika majina ya walioapishwa siku hiyo, mwanzoni kabisa mwa kikao. Kiapo kinakupa tarehe, nyumba, na jina kama mwenyewe alivyolitumia. Vitu vitatu hivyo ndivyo ningetaka kuviona katika kitabu chenu, si neno "mbunge tangu Uhuru".

Kuhusu jina, usimtafute kwa tahajia ya kitambulisho chake cha uzeeni. Wengi waliandikwa kwa herufi za mwanzo na jina moja. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na J. M. Kariuki na G. G. Kariuki kwa wakati mmoja, na faharasa isiyo makini inaweza kukupa hotuba za mmoja ukadhani ni za mwingine. Wengine waliacha jina la ubatizo kadiri miaka ilivyokwenda. Waziri msaidizi anaweza kutajwa kwa cheo, jina likafuata ndani ya mabano, kwa hiyo kama babu aliwahi kushika wadhifa, tafuta pia kwa wizara. Na usishtuke ukimkuta ni wa KADU, chama cha upinzani, mwaka 1963 na wa KANU mwaka 1965. KADU ilivunjwa tarehe 10 Novemba 1964 na watu wake wakajiunga na chama tawala. Chama cha APP cha Paul Ngei kilikuwa kimekwisha kurudi KANU mwaka mmoja kabla.

Binamu yako anaweza kusema, sawa, basi alikuwa seneta tu. Mwonyeshe hesabu hii. Ni kweli kwamba serikali ilitoka nyumba ya chini na miswada ya fedha ilianzia huko. Lakini kubadilisha vifungu vya katiba vilivyolindwa zaidi kulihitaji asilimia 75 ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Asilimia 90 ya watu 41 ni 37. Maana yake maseneta watano tu, wakishikana, wangeweza kuzuia jambo ambalo waziri mkuu na mawaziri wake wote wanalitaka. Mtu aliyekaa kiti hicho mwaka 1964, serikali ilipokuwa ikitafuta kura za kuibadilisha katiba ili nchi iwe jamhuri, hakuwa mtu mdogo. Mkipata juzuu za Seneti za miezi hiyo, msome alisema nini na alipiga kura upande gani, hata kama leo mnatamani angepiga upande mwingine.

Kwa hiyo anza na Seneti, Juni 1963, sehemu ya kiapo. Asipokuwemo, nenda kwenye nyumba ya chini na utafute viapo vyote mpaka mwisho wa 1966, hasa vya baada ya uchaguzi wa Juni mwaka huo. Akikosekana kote, rudi 1967 na 1968 ukatafute kikao cha kwanza alichozungumza, kisha uangalie aliyekuwa na kiti hicho kabla yake na alitokaje. Nakili namba ya juzuu, tarehe na safu kila mara, na upige picha ukurasa mzima, si mstari wenye jina peke yake.