Mshumaa mweupe, karatasi nyeupe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukikaa mbele ya karatasi tupu na mkono ukagoma, unafanya nini?" Mimi nachukua mshumaa mweupe nachora juu ya karatasi nyeupe. Sioni ninachochora, na raha yote iko hapo: ule mkono unaoona haya kwa mstari uliopinda haupati cha kuonea haya. Nikimaliza, napitisha brashi pana yenye rangi ya maji, buluu iliyokolea. Nta inaikataa rangi, mistari inaibuka. Mingine iko nilipoitarajia, mingine imekatikakatika kwa sababu mshumaa haukushika. Siku moja nilichora uso, nikakuta jicho moja limepanda juu ya jingine. Nta nayo ikishapakwa rangi haina kufuta. Nikaongeza mapezi mawili na mkia, macho yakawa samaki wawili wanaopishana, na uso nikausahau.

Mchezo wangu mwingine ni wa chumvi, na huu unataka subira kuliko kipaji. Unapaka rangi ya maji, kisha unanyunyiza chumvi rangi ikiwa bado mbichi. Kila punje inanyonya maji na kuivuta rangi upande wake, na inapokauka inaacha nyota yenye weupe katikati. Kazi ni kuijua saa yake. Karatasi ikiwa imeloa chapachapa, chumvi inayeyuka na kutokomea. Ikishakauka, unabaki na mchanga mezani. Mimi huinamisha kichwa niitazame karatasi kwa ubavu: ule mng'ao wa kioo ukianza kufifia, namwaga. Halafu naondoka kabisa chumbani, maana nikibaki nitaigusa. (Tumieni karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi inajikunja, maji yanatuama mabondeni, na mtailaumu chumvi bure.)

Ila nikiri kwamba chumvi imeanza kunichosha. Ukishajua kwamba itatoa nyota, unachora anga la usiku, na kila mtu anachora anga la usiku. Siku hizi naiweka pasipo na anga: kwenye bati lenye kutu, kwenye koti kuukuu la mzee. Hapo inanishtua tena kidogo.

Kuna wanaoniambia huu ni utoto. Basi utoto huo una wenyewe wa siku nyingi. Mwaka 1785 mchoraji Mwingereza Alexander Cozens alichapisha mbinu yake ya kuanza mandhari kwa madoa ya wino yaliyotupwa harakaharaka. Lakini hakuishia kwenye doa. Aliweka juu yake karatasi inayopitisha mwanga, akatafuta humo kilima, mti, njia. Mwaka 1925 mchoraji Mjerumani Max Ernst alilaza karatasi juu ya mbao za sakafu na kuisugua kwa penseli, na katika mishipa ya mbao akaona misitu na wanyama. Sakafu ilimpa mishipa tu. Msitu aliutoa yeye.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwaga rangi, wanaitikisa karatasi, wanaitia fremu jioni hiyohiyo. Bahati imefanya zamu yake, wao wameikimbia yao. Zamu yangu mimi huanza karatasi ikishakauka. Naigeuza pande zote nne, naisimamisha mbali, naangalia kuna nini. Pengine inataka mstari mmoja tu wa wino. Pengine haina kitu, naikata vipande vya kujaribia rangi. Za namna hiyo ndizo nyingi, sidanganyi. Na sichanganyi michezo miwili kwenye karatasi moja. Nilishaweka nta, chumvi na rangi ya kupuliza kwa mrija pamoja, ikatoka kelele tupu.

Ninapoandika haya kuna moja imeegemea ukuta, ya mshumaa, imekauka tangu jana. Nilidhani nachora matawi. Nikiilaza upande wa kushoto, yanakuwa ngazi, na juu ya ngazi pana doa ambalo brashi haikulifikia. Nimeshalowesha brashi mara mbili, na mara zote mbili nimeirudisha koponi. Sijajua kama hapo pana mlango au pana mtu.