Gogo la Wing Chun limepasuka na mikono inauma: nifanyeje?

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninajifunza Wing Chun, mtindo wa kung fu wa China, hapa Tanga, na kwa kuwa gogo la mazoezi la kununua ni ghali, nilitafuta gogo la mkaratusi nikalitoboa mwenyewe, nikaingiza mikono mitatu na mguu wa mti kwa gundi na misumari, kisha nikalisimamisha uani ndani ya pipa la zege. Baada ya miezi miwili limepasuka kuanzia juu hadi karibu na kiuno, na kila nikimaliza mazoezi mifupa ya mikono inaniuma hadi kesho yake. Je, nizibe ufa kwa vumbi la mbao na gundi? Na je, niifunge mikono ya gogo kwa sponji?

JIBU: Marahaba. Usizibe ufa, na sponji nayo iache kwanza.

Gogo zima, lenye kiini chake katikati, halina budi kupasuka linapokauka, kwa sababu mti husinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini, na mvutano huo lazima upate pa kutokea. Mkaratusi una tabia hiyo kwa ukali, hasa ukianikwa juani ungali mbichi. Ukiujaza ufa wakati huu, mvua zitakapokuja mti utanyonya unyevu na kuvimba, ile gundi yako itakataa kubanwa, na ufa utatafuta njia nyingine ya kuendelea. Tazama badala yake unapita wapi. Ukiwa ubavuni bila kugusa tundu lolote, uache ulivyo na ulainishe kingo zake kwa msasa. Ukiwa unapita kwenye tundu la mkono, gogo hilo limekwisha kazi, maana ulimi wa mkono, yaani sehemu yake inayoingia ndani ya gogo, utakuwa kabari ya kulipasua kila upigapo. Jambo jingine: ikiwa ulilipata kama kipande cha nguzo ya umeme na lina rangi ya kijani kijani, usilitumie kabisa, kwani nguzo nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromu na aseniki, nawe unalisugua kwa ngozi tupu.

Kama itabidi uanze upya, ningekushauri uachane na gogo zima. Nunua mbao kavu za msonobari za inchi 2 kwa 10, uzipige randa zibaki milimita 45, ugandishe tano pamoja, na utapata mraba wa sentimita 22.5 ambao ukichongwa duara ndio unene uliozoeleka wa gogo hili, kwa urefu wa takriban mita moja na nusu. Faida kubwa ya njia hii ni matundu. Mikono miwili ya juu hupita ndani ya gogo kwa mshazari na kupishana, mmoja juu ya mwingine, ikifunguka kwa nyuzi 17 hivi kila upande ili ncha zake ziachane kama sentimita 24. Kutoboa mshazari huo kwa patasi katika gogo zima ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Katika mbao tano, toboa kila ubao peke yake kabla ya kugandisha, tundu lenye upana wa sentimita 3 tu kwa kuanzia, na katika kila ubao unaofuata tundu hilo ulisogeze pembeni kwa milimita 14. Gundi ikishakauka utakuwa na ngazi ndogo ndogo ndani ya tundu, nazo utazinyoosha kwa patasi hadi ulimi upite. Mkono mmoja wa juu kuwa juu kidogo kuliko mwenzake si kosa, ndivyo unavyotakiwa.

Sasa maumivu. Sisi maseremala tumezoea kuona kiungo kinachocheza kuwa ni aibu ya fundi, lakini hapa kiungo kikibana ndipo kazi imeharibika. Ulimi wa mkono, wenye mraba wa sentimita 4, uingie katika tundu la sentimita 4.3, bila gundi wala msumari, na nyuma ya gogo upitishiwe kijiti cha kuuzuia usichomoke. Ukiupiga utasikia ukigonga ndani ya tundu, na mchezo huo mdogo ndio unaopunguza mshtuko ambao sasa unaishia kwenye mifupa yako. Sponji ingeuficha ubovu huo, na ingekunyima kuhisi pembe ya mkono. Sehemu inayotokeza nje iwe na sentimita 30 hivi, nene shinani na nyembamba nchani, na uichonge kwa mti wowote unaofaa mpini wa shoka. Mpingo usihangaike nao. Ni mzito, ni ghali, na hauna unyumbufu unaoutaka. Mikono ya juu ipimwe kwa bega lako, wa chini kwa tumbo lako.

Mguu tafuta tawi lililopinda lenyewe, la mpera kwa mfano, ili nyuzi za mti zifuate goti. Ukiukata mguu katika ubao ulionyooka, nyuzi zitakatika pale pale kwenye goti na teke la kwanza la nguvu litauvunja.

Pipa la zege nalo lina lawama. Huko Foshan, kusini mwa China, magogo haya yalichimbiwa ardhini, na udongo uliachia kidogo, zege haliachii. Huko Hong Kong, ambako Ip Man, mwalimu mashuhuri wa Wing Chun, alifundisha kuanzia mwaka 1950, watu waliishi ghorofani wasikoweza kuchimba, ndipo gogo likatundikwa kwenye mbao mbili za mlalo zinazopita ndani yake, moja juu na moja chini, na kushikwa na nguzo mbili. Nadhani huo ndio utaratibu bora hata kwa mwenye uwanja. Mbao hizo ziwe za mti mgumu usio na vifundo, mita moja na nusu kwa urefu, sentimita 5 kwa kimo na 2 kwa unene, na upande mpana ndio ukutazame, ili unene huo mdogo uwe wa kutoka mbele kwenda nyuma, na ukilisukuma gogo lirudi nyuma sentimita moja au mbili na kukufuata tena. Kama nyumba ni ya kupanga, usitoboe ukuta wa mwenyewe: unga nguzo kwenye fremu yenye miguu, uweke mifuko ya mchanga juu ya miguu hiyo, na pale mbao zinapogusa nguzo weka vipande vya tyubu ya gari, la sivyo majirani watakugongea mlango kabla ya wiki kwisha.

Mwisho paka mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, na usipake vanishi, ambayo hubanduka kwa mapigo na kuacha vibanzi vyenye ncha. Kijiti cha nyuma ya kila mkono kikague kila wiki, maana hicho ndicho huisha kwanza.